Marahaba Kabla ya Shikamoo

Boksi lilifika Jumamosi asubuhi kwa bajaji ya Iddy, limelazwa kwenye kiti cha abiria na kufungwa kamba kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Mvumi. Yudith alikuwa amebanana na Iddy kwenye kiti cha mbele, nusu yake nje, mkono mmoja ameurudisha nyuma kulishika. Walilishusha wawili. Walilipitisha mlangoni kwa ubavu, na Mzee Elisha, baba yake Yudith, akashika pazia lisiwaguse machoni.

"Hii ni monita au ni mlango?" aliuliza.

"Monita, baba."

"Basi mlango wenyewe tuung'oe, tuweke hii."

Iddy alicheka, akanywa maji aliyopewa, akaondoka. Yudith alifungua boksi polepole, akaweka skrubu zote kwenye kisosi ili zisipotee. Miguu ya monita ilizidi meza. Alitafuta ubao uliobaki kitanda kilipotengenezwa, akaupigilia nyuma ya meza, akaweka bilauri ya maji juu yake kuona kama umelala sawa. Ulikuwa umeinama kidogo upande wa dirisha. Akaung'oa, akaupigilia upya.

Monita ya zamani ilikuwa ndogo, imetolewa na ofisi moja iliyohama, na upande wake wa kulia ulikuwa na mstari wa kijani usiofutika. Walikuwa wameichezea tangu mzee alipohamia kwa Yudith, Majengo mjini, kutoka Zuzu, baada ya mama kufariki. Mwanzoni mzee alikuwa hasemi wala hali vizuri. Jioni moja Yudith alimpa pedi ya kuchezea gemu mkononi, akamwonyesha kitufe cha kwenda na kitufe cha kusimama. Mzee Elisha alikuwa amefanya kazi reli pale stesheni ya Zuzu, akiinua bendera treni zikipita, na mambo ya kwenda na kusimama aliyaelewa. Toka siku hiyo walikuwa wakishindana kuendesha magari kila jioni baada ya kula. Kioo kiligawanywa sehemu mbili, juu gari la Yudith, chini gari la mzee. Mzee hakumpita mtu bila kupiga honi. Monita ile ilikuwa inachelewa kidogo, na mzee naye alikuwa anachelewa kidogo, kwa hiyo walikuwa wanakutana.

Mpya iliwapa shida ya ukubwa kwanza. Jioni ya kwanza walirudisha viti nyuma, halafu nyuma tena, mpaka kiti cha Yudith kikagusa kitanda. Shingo ziliwauma. Yudith alikosa kona kwa sababu kona zilikuwa mbali na mahali alipozoea kuzitazamia. Mzee Elisha yeye alisahau mashindano. Alikuwa hajawahi kuona kwamba kando ya barabara kuna miti.

"Hawa watu hawapogoi," alisema, gari lake limesimama chini ya mti.

"Ni picha tu, baba."

"Picha gani hii? Tazama tawi lile lilivyoachwa. Uvivu."

"Sisi tutapogoa mizabibu yetu mwezi huuhuu," Yudith alisema. "Halafu nguzo zikija tunaongeza mistari mipya upande wa reli. Nimeshaagiza na waya."

Mzee aliwasha gari lake, akatoka chini ya mti. "Tutaona," alisema.

Shamba lilikuwa Zuzu. Zamani lilikuwa la mtama, na mzee alipozeeka likabaki vichaka. Yudith alilisafisha, akapanda mizabibu, na karibu kila Jumamosi kwa miaka mingi alikwenda huko na mkasi, jembe na kofia ya mama yake. Hakuwa na mume wala mtoto, na hilo halikumsumbua kama lilivyowasumbua wengine. Alichokitaka ni kumaliza mistari ya upande wa reli, kisha siku moja ajenge chumba palepale, yeye na baba yake wakae. Alikuwa amemwambia mzee hivyo mara nyingi. Mara zote mzee alisema, "Tutaona."

Siku chache baadaye Iddy alipita kuangalia.

"Dada Yudi, umeshaiambia kompyuta kwamba ina monita mpya?"

"Si imechomekwa?"

"Imechomekwa. Lakini ukiiacha hivyo itaendelea na mwendo wa ile ya zamani. Kama ng'ombe aliyezoea mkokoteni mbovu. Ingia kwenye mipangilio, ichague kasi yake yenyewe."

Yudith aliingia. Ilikuwa kweli. Monita ilikuwa na uwezo wa kuonyesha picha mia mbili na arobaini kila sekunde, na ilikuwa ikionyesha sitini. Alichagua kasi ya juu. Kioo kilizimika, kikawaka. Alisogeza kishale, kikateleza kama kimepakwa mafuta.

Jioni hiyo alimwacha mzee mbali sana. Vidole vyake vilikuwa vimeshakata kona kabla hajajua kwamba kona imefika. Mzee hakuathirika. Macho yake hayakufuata picha zote. Alikuwa akichukua moja moja aliyoipenda, nyingine akiziacha zipite.

Asubuhi Yudith alikwenda kununua maandazi kwa jirani, Mama Erica. Erica mwenyewe, ambaye alikuwa chuo na amerudi likizo, alikuwa akitoka na ndoo.

"Marahaba," Yudith alimwambia.

Erica alikuwa hajafungua mdomo. Alisimama, akafikiri, kisha akasema, "Shikamoo," kwa sababu ndicho alichokuwa anataka kusema. Yudith, ambaye alikuwa ameshaitikia, hakuitikia tena. Shikamoo ya Erica ikabaki uani haina mwenyewe.

"Yudi, mtoto kakuamkia," Mama Erica alisema.

"Nimeitikia."

"Umeitikia kabla. Hujadai shikamoo siku zote hizo, uje uanze leo?"

"Sikudai. Nimeisikia inakuja."

Mama Erica aliyafunga maandazi kwenye gazeti. "Basi uwe unaitikia mara mbili," alisema. "Ya kwanza yako, ya pili yake."

Lilikuwa wazo zuri, na Yudith akalifuata. Ndani ya wiki Majengo yote walikuwa wamezoea. Wazee walifurahi zaidi ya vijana, maana Yudith aliwaamkia wakiwa bado ndani ya geti, na kila mmoja akitoka anaikuta shikamoo yake inamsubiri nje. Nyumbani alishusha sufuria maziwa yakiwa bado yametulia, na hayakumwagika tena. Kanisani, mwalimu wa kwaya, Elieth, aliona kwamba sauti ya Yudith inaanza kabla ya wenzake. Hakumlaumu. Alimhamishia mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili sauti yake ikisafiri mpaka mbele ifike pamoja na za wengine. Kwaya ikasikika vizuri kuliko siku ya Pasaka.

Kazini Yudith alikuwa mwandishi wa mihtasari ya vikao. Mkuu wake, Bwana William, aligundua kwamba muhtasari unakamilika kikao kikiwa bado kwenye mengineyo. Aliridhika, akampangia vikao virefu zaidi. Tatizo lilitokea mara moja tu. Mwenzake Generosa aliusoma muhtasari, akamfuata mezani.

"Mbona umeandika nimeomba kuhamishwa kitengo?"

"Hukuomba?"

"Sikusema chochote! Nilinyamaza."

Yudith alitafakari. Alikuwa amelisikia ombi hilo vizuri kabisa, kwa sauti ya Generosa, pamoja na kikohozi cha mwanzo. "Lilikuwa limefika mdomoni," alisema.

"Lilifika. Nikalimeza."

"Samahani. Nitalifuta."

Generosa aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Usifute kwanza," alisema.

Hivyo ndivyo Yudith alivyojua kwamba anasikia pia yale ambayo watu wanakaribia kusema halafu wanaacha. Hakuyachunguza. Mengi yalikuwa madogo: mtu alitaka kuomba chumvi akaona haya, mtu alitaka kusema sketi imembana akajizuia. Aliyaacha yapite, kama baba yake alivyokuwa akiziacha picha.

Jumatano walikula ugali wa uwele na mlenda. Mzee Elisha alikata tonge, akalishika bila kulichovya.

"Yudi," alisema kwa sauti ambayo ilikuwa bado haijatoka, "lile shamba la Zuzu nimempa Petro."

Halafu akachovya tonge, na alichosema ni, "Mlenda umekolea leo."

"Karanga mpya hizo," Yudith alijibu.

Petro alikuwa mdogo wake, yuko Dar es Salaam, na shambani alikuwa amekanyaga mara moja, siku ya kuanua tanga la mama yao, amevaa viatu vyeupe. Yudith aliosha vyombo. Alisafisha meza. Walicheza, na mzee alisimama chini ya mti mmoja muda mrefu.

Kesho yake lilikuja jingine. Mzee alikuwa anavua kandambili kizingitini. "Wazee ndio walioniita," alisema ndani ya kinywa chake, "siku ile ya tanga, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unasugua masufuria." Alichokitoa nje ni kwamba upepo una vumbi. Ijumaa lilikuja la tatu, kwamba mtoto wa kike ataolewa, na shamba haliwezi kumfuata kwa mume. Mzee mwenyewe alisita kulisema hilo, kwa kuwa Yudith alikuwa anakaribia miaka arobaini, na badala yake akauliza kama umeme umelipiwa. Kwa namna hiyo, kidogo kidogo, Yudith akaipata habari yote kwa mpangilio mzuri, na baba yake akiamini hajasema neno.

Yudith alikumbuka siku ile ya tanga. Masufuria yalikuwa mengi. Alikuwa amesikia wanaume wanapiga makofi ndani ya nyumba, akadhani wamemaliza kusali.

Hakupenda kujua mambo kwa njia hiyo. Jumapili alasiri, mzee akiwa amelala, aliingia kwenye mipangilio akairudisha monita kwenye kasi ya zamani. Haikusaidia. Macho yalikuwa yameshajifunza, na sasa kila kitu kilionekana kinakwenda kwa kurukaruka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kichwa kilimuuma. Nje, Mama Erica alikuwa anakaribia kumwita, na Yudith akajikuta ameitika. Akairudisha kasi ya juu, akaiacha.

Nguzo zilitakiwa kufika Zuzu Jumamosi. Ijumaa jioni mzee hakula sana. Alikuwa akimtazama binti yake na kutazama sahani.

"Zile nguzo usizipeleke," alikaribia kusema.

"Kwa nini nisizipeleke, baba?"

Mzee alikuwa bado anatafuna. Alimeza. Alikunywa maji. "Nimesema?"

"Bado. Ulikuwa unakaribia."

"Umesikia mangapi?"

"Nadhani yote. Petro, wazee, siku ya tanga. Habari ya kuolewa."

"Ile ya kuolewa nilikuwa nimeiacha."

"Niliisikia kabla hujaiacha."

Mzee Elisha alitikisa kichwa, akavuta beseni akanawa mikono, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetuliwa gunia. "Basi afadhali," alisema. "Nilikuwa sijui nianzie wapi. Nimehangaika nalo mwaka mzima, mwanangu. Usingizi ulikuwa hauji."

"Ningependa uniambie mwenyewe."

"Si umeshasikia?"

"Nimesikia. Hujaniambia."

Mzee alilifikiria hilo kwa uaminifu. "Naona ni kitu kimoja," alisema.

"Ile mizabibu nimeipanda mimi. Ulikuwepo. Ulikuwa umenishikia kamba."

"Nilikuwepo. Mistari imenyooka, kila anayepita anasema."

"Petro hajui hata mkasi unashikwaje."

"Atajifunza. Wewe utamfundisha, una moyo wa kufundisha. Mimi si ulinifundisha pedi?" Alisema hivyo kwa upendo, na Yudith alijua ni upendo. "Mimi mwenyewe niliachiwa na baba. Shangazi zako walikuwepo watatu, hakuna aliyenuna."

"Uliwauliza?"

"Jambo kama hilo nani anauliza?"

Yudith akasikiliza mbele. Alikuwa na uwezo huo sasa, na aliona ni halali kuutumia mara moja kwa ajili yake mwenyewe. Alisikiliza pale ambapo neno linalofuata la baba yake lilikuwa likijiandaa. Kama kungekuwa na "lakini", angeisikia. Kama kungekuwa na "nilikosea", hata kama mzee angeimeza mara moja, angeipata njiani. Alisubiri bila kupumua. Kulikuwa na "washa monita" tu.

"Washa monita," alisema mzee.

Ilikuwa imeshawaka.

Walicheza. Yudith alikimbia peke yake, kona zikimjia na kuondoka, mpaka akauona mstari wa kumalizia. Alisimamisha gari kabla ya kuuvuka. Upande wa chini wa kioo, gari la mzee lilikuwa bado kwenye miti, linakuja taratibu. Yudith aliweka pedi mapajani, akamtazama baba yake pembeni. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, nywele nyeupe zimepata rangi ya buluu kwa mwanga wa kioo. Alikuwa na furaha. Usiku uliopita alikuwa amezeeka kuliko hivi.

Gari la mzee lilifika. Lilipiga honi, likampita, likavuka mstari.

"Nimekupata!" mzee alisema. "Ulisinzia?"

"Nilikuwa nakusubiri."

"Gari halisubiri gari, Yudi. Unakimbia halafu unazubaa, ndiyo shida yako." Alicheka mpaka akakohoa, na Yudith, ambaye alikuwa ameshainuka, akawa amesimama na kikombe cha maji kilipohitajika.

Toka jioni hiyo ikawa kawaida. Yudith alifika mapema, akasimama, akasubiri. Mzee alishinda kila siku, na hakuona kwamba kuna jambo la kuuliza. Usingizi wake ulirudi. Alinenepa kidogo.

Nguzo nazo zilikwenda Zuzu. Aliyeziuza hakutaka kuzirudisha, na mzee alisema si vibaya, zitamfaa Petro. Jumamosi Yudith alizisimamisha upande wa reli, mzee akimshikia kamba, kwa sababu mizabibu ilikuwa imeanza kulala chini, na mzabibu ukilala chini huoza bila kujali ni wa nani. Wiki iliyofuata alipogoa. Alikuwa akikata mahali ambapo chipukizi lilikuwa bado halijaonekana, akiacha jicho moja juu ya jingine, na kila alipokata palitoka kishada. Watu wa Zuzu walipita wakasema mwaka huu Yudith kapata mkono. Chumba hakukizungumzia tena. Mzee alidhani amekisahau.

Kwenye simu Petro alisema dada ana bidii sana. Yudith alikuwa ameshamwambia hapana, haina neno. Walizungumza habari za afya.

Mwezi wa nane zabibu ziliiva vizuri kuliko miaka yote iliyopita, nyeusi na nzito, matawi yakining'inia mpaka kwenye waya wa chini. Petro alibanwa na kazi, akatuma lori lizichukue. Dereva alikuwa kijana wa Morogoro, mgeni wa njia ile, na alipokata kona kutoka barabarani na kupeleka mkono kwenye honi, aliona miiba ya kuzibia mlango wa shamba imeshaondolewa na kreti zimepangwa kivulini. Mzee Elisha alikuwa amekaa juu ya moja, anakula zabibu. Yudith alikuwa amesimama kando ya njia, amevua kofia.

"Hapana," alimwambia dereva kwa upole.

Dereva, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anashusha kioo cha lori amuulize kama yeye ndiye mwenye shamba, aliona ameshajibiwa. Alirudisha lori nyuma mpaka kwenye kreti, akazima injini, wakaanza kupakia.